Kipimo changu kwenye tangi la Yu-ting

Shoga, nimeaibika.

Unajua matumbawe anayofuga jirani yangu Yu-ting kwenye tangi la maji ya chumvi yalivyochanua, yangu yamenywea. Leo alipoenda kuchemsha chai, nikatoa kipimo changu mkobani, nikapima chumvi ya tangi lake. Arobaini, na inatakiwa thelathini na tano. Roho yangu kwatu.

Aliporudi nikamwambia, "Dada, maji yako yamezidi chumvi, utayaua matumbawe."

Akatia tone la maji yasiyo na chumvi kwenye kipimo changu. Badala ya sifuri kikasoma tano. "Dada Pei-shan, hiki ulikisawazisha lini?"

Ulikisawazisha lini. Mbele ya mama mkwe wake aliyeketi pale.

Kumbe kipimo changu kinazidisha tano, na maji yangu ndiyo hayajakolea. "Ongeza chumvi kidogo kidogo, usiimwage yote leo," akanifundisha, huku ananimiminia chai.

Nafika nyumbani, mume wangu anauliza, "Umemwuliza Yu-ting? Yule ndiye anayejua."