Hesabu Hamsini, Kiingereza Hamsini

Jumatatu, 3 Juni 1974. Kimwani.
Nimepalilia migomba tangu asubuhi. Mchana, hesabu. Riba, asilimia, tena riba. Baba mdogo kapita, kasimama kwenye mibuni ya mlangoni, kaipapasa kana kwamba imeshakuwa yake. Kibanja hiki, shamba la marehemu baba, ni cha ukoo, binti hapewi. Nimeruhusiwa kukaa mpaka mavuno ya kahawa yaishe, basi. Chuo cha biashara kinatoa kitanda, chakula, halafu kazi. Nisipopita mtihani wa kuingia sina pa kwenda.

Alhamisi, 6 Juni. Muleba.
Ofisi ya elimu. Karani, mtu wa haraka haraka, kanieleza mtihani ulivyo. Karatasi mbili. Hesabu alama hamsini, Kiingereza hamsini. Kupita ni sitini. Raha iliyoje! Nikizoa zote za hesabu, Kiingereza nahitaji kumi tu. Kiingereza chenyewe kinanitoa jasho. Kitabu chake nilichoazima kwa masista nimekirudisha.

Ijumaa, 21 Juni. Bukoba.
Nimefikia Miembeni kwa shangazi. Jirani yake Adelina, binti wa mchungaji, naye anafanya mtihani. Kaniambia kila karatasi ina kiwango chake: ukipata chini ya ishirini katika mojawapo umeanguka, hata jumla iwe nzuri namna gani. Nikambishia. Akaleta tangazo, nikasoma mwenyewe. Kumbe yule karani alinipa nusu ya maneno. Mawe! Na mtihani ni kesho. Adelina kanifundisha mpaka sauti ikamkauka. Sijashika kitu. Naogopa.

Jumamosi, 22 Juni.
Hesabu nilimaliza mapema mno. Nikanyoosha mkono, nikaomba karatasi ya Kiingereza nianze. Msimamizi akasema, "Tulia, binti. Wakati wake bado." Nikakaa, mikono kifuani, muda niliouhitaji ukipita bure. Kiingereza sasa: habari ndefu, maneno magumu, kengele ikalia niko katikati. Nimelia njia nzima mpaka Miembeni. Watu wakinitazama. Shauri yao.

Jumatano, 17 Julai. Muleba.
Majibu. Hesabu arobaini na tisa, mkoa mzima hakuna aliyenifikia. Kiingereza kumi na saba. Sikuchaguliwa. Karani kaona ile arobaini na tisa, kanipa hongera! Nilitamani kumzaba kibao. Adelina kapita. Namwonea wivu, lakini simchukii.

Jumapili, 28 Julai. Kimwani.
Baada ya misa baba mdogo kaja na wanawe watatu. Habari za hesabu zangu zimemfikia, kasifu sana. Kaniomba nimgawie mibuni, kila mwana fungu lake, pasije pakawa na ugomvi. Sikuwa na nguvu ya kukataa. Nimezunguka kibanja chote nikihesabu, wao wakinifuata nyuma. Imegawanyika sawasawa. Haukubaki hata mmoja.