Mita Thelathini na Nne za Waya Wangu

Riruta, Jumatatu

Mama,

Jumatano iliyopita nilipoteza mita thelathini na nne za waya. Zilikatwa hapo nyumbani, mchana, wewe ukiwepo, na mimi nikaja kuambiwa Jumapili kama habari njema. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalainika.

Sasa nakusalimu. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka bado iko, ama umeshaigawia kanisa zima? Mimi ni mzima. Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako siku hizi anaishika Wafula, na kila tukiongea nasikia pumzi ya ndugu yangu hapo kando. Barua hii anakuletea Baba Joy, jirani yangu hapa, anayekuja huko kesho. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, si kwa mtu mwingine.

Kazi iko. Wiki jana nilikuwa Woodley kwa mzee mmoja, zile nyumba za zamani, picha ya runinga yake inakwama kila wingu likipita. Alinitazama na ngazi yangu begani akauliza, "Na fundi mwenyewe yuko nyuma?" Nikamwambia, "Fundi ndiye amebeba ngazi." Waya wake ulitoka kwa dishi nyuma ya stoo, ukazunguka nyumba yote, viungo vitatu, mita arobaini na tano. Nilitoa dishi huko nikalifunga ukutani juu ya dirisha la sebule. Mita tisa, bila kiungo hata kimoja. Mzee akautazama ule waya nilioutoa umelala mlangoni. "Wewe msichana, yaani unanitoza kwa kunipunguzia?" Nikamjibu, "Nakutoza kwa kujua pa kupunguza." Akacheka, akaniitishia chai.

Shika hapo, Mama. Nilisogeza dishi. Runinga yake niliiacha palepale mbele ya kiti chake.

Sasa Jumapili ukanipigia umetoka kanisani, sauti imejaa furaha. "Naliaka, ndugu yako ana kichwa! Amekata waya, siku hizi hata mvua inyeshe namna gani, picha imetulia tuli."

Nikauliza, "Amekata, dishi akalipeleka wapi?"

"Dishi liko palepale. Runinga na dikoda ndivyo vimeenda kwake. Mimi natembea tu kidogo. Na ule waya ametufungia kamba ya nguo, mzuri, haushiki kutu."

Kisha ukasema lile neno. "Huyu kijana angetangulia Nairobi, sasa hivi angekuwa amekushinda." Ukacheka. Mimi nikasema simu yangu inazima. Ilikuwa na chaji asilimia themanini na moja.

Unakumbuka ule waya ulivyowekwa? Mparachichi nyuma ya jikoni yako uliziba anga yote, na penye anga wazi palibaki mahali pamoja tu, kando ya simba ya Wafula, kile chumba chake cha mabati pale langoni. Mafundi wangekwambia runinga ikae huko. Mimi nilikataa. Nilichimba mtaro siku mbili na jembe lako, nikapitisha waya ndani ya paipu, mita thelathini na nane kutoka dishi hadi sebuleni kwako, ili usiinuke kitini. Wafula alikuwa amekaa kivulini akiniambia, "Dada, mtaro umepinda." Nilijua waya mrefu unachosha mawimbi. Nilijua mvua itasumbua. Niliuweka hivyo kwa sababu yako.

Na kinachoniuma zaidi, Mama, ni kwamba nilimfundisha mimi. Wiki tatu zilizopita alinipigia nikiwa juu ya paa la ofisi Upper Hill, upepo unanipiga, akauliza kwa upole, "Dada, picha ikikwama mvua ikinyesha, shida huwa nini?" Nikafurahi kuulizwa. Nikamwambia, "Waya ni mrefu. Ufupishwe." Hakuuliza ufupishwe upande gani. Alijua upande anaoutaka.

Mparachichi ulikatwa mwaka jana. Anga iko wazi. Angeweza kulileta dishi kwenye ukuta wa jikoni yako na kutumia mita saba. Akaona heri aibebe runinga yako. Ameacha mita nne, na zile thelathini na nne hazikwenda popote, zimehamia miguuni mwako. Kwenda na kurudi ni sitini na nane. Habari ya saa saba na ya saa moja, ni mia moja thelathini na sita kila siku, kwenye matope, na goti hilo, ukapige hodi kwa mtoto wako uonyeshwe runinga niliyokununulia mimi.

Utasema ni wivu. Ni wivu, sikatai. Yeye ana simba hapo, kesho atajenga nyumba. Mimi nikija Desemba nalala jikoni kwako, na sijawahi kudai hata kona. Lakini katika boma lote hilo kulikuwa na kitu kimoja changu kilichotoka langoni kikaingia mpaka kwako. Leo kinaanikiwa mashati yake. Na miaka sita niko juu ya mapaa ya watu, hujawahi kuniambia nina kichwa.

Nisalimie shangazi Rose, umwambie viatu vya kwaya nimeviona, rangi ndiyo bado. Msalimie babu mdogo, na mke wa mchungaji anayekusomea barua miwani ikipotea. Wafula usimsalimie.

Nimeshanunua mkono wa kufungia dishi ukutani na mita kumi za waya mpya. Viko hapa chini ya kitanda. Nataka unijibu neno moja: Wafula ulimtuma ahamishe runinga, au alikuhamishia tu ukanyamaza? Ukisema hukumtuma, Ijumaa jioni napanda basi, na Jumamosi ukila chakula cha mchana picha iko sebuleni kwako. Ukisema ulimtuma, vifaa hivi nitamfungia mteja wa hapa Kawangware.

Omba simu ya shangazi, utoke nje, unipigie kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Na usiniambie sisi sote ni watoto wako. Hilo sijauliza.

Binti yako,
Naliaka