Mama Mkwe Anachachusha Unga kwa Laptopu Yangu

Emama Zenebech mpendwa, mshauri wetu, nakuinamia, naomba unisaidie kabla mambo hayajaniharibikia. Mimi na mke wangu Hirut tunaishi kwa mama yake hapa Addis, mama anapika injera, ile mikate myembamba ya chachu, za kuuza, na laptopu yangu ni kuukuu, tangu niiwekee mfumo wa Linux feni inanguruma kama mashine ya kusaga nafaka ya teff na inapata moto haishikiki, sasa mvua zilipoanza na baridi ikafanya unga ugome kuchachuka, mama mkwe akaisukuma laptopu chini ya ndoo ya unga, unga ukaumuka, akaniombea baraka kwa Bikira Mariamu, nami nikaona raha maana hajawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya. Baadaye nikajifunza kupunguza kasi ya prosesa, mashine ikapoa, ikanyamaza, unga nao ukalala. Akaniuliza, "Mwanangu, umelifanya nini hili sanduku? Limekufa?" Nikaogopa, Emama. Nikairudishia kasi yote, nikaiagiza ikokotoe namba zisizo na mwisho, bure tu, ili ipate moto. Jumatatu nina usaili wa kazi kwa video, na nilipojaribu na rafiki yangu aliniuliza, kwa ngurumo ile ya feni, nimepanda ndege lini. Nikimwambia mama mkwe naitaka laptopu, anasema, "Kazi hujaipata, injera tunakula leo." Hirut anacheka tu. Nifanyeje?

Mesafint, Addis Ababa

Mesafint mwanangu, pole. Sasa kaa nikukaripie.

Mimi darasa sikuliona, hiyo Linux nimeisikia kwako, lakini mwoga namjua hata akijificha nyuma ya feni. Unaitesa mashine ihesabu upuuzi ili mama mkwe akutabasamie? Siku akitaka maji ya moto utachemka wewe?

Nimemuuliza jirani yangu Selamawit, anayetengeneza kompyuta. Kasema uzime hayo mahesabu, urudishe ile kasi ndogo, ufunge programu zote usizotumia, na umpelekee mashine apulize vumbi na kubadilisha dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa. Na unga umo humo, usibishe. Ukifanya kazi, iweke mezani, uiinue kidogo ipumue, si juu ya blanketi.

Ndoo ifunikeni kwa gabi, lile shuka zito la pamba, isogezeni karibu na jiko, ongezeni maji ya chachu ya upishi uliopita. Mama mkwe anayajua haya kukushinda. Ameing'ang'ania laptopu kwa sababu, katika vyote ulivyoleta pale nyumbani, ni hiyo peke yake iliyomsaidia.

Basi msaidie wewe. Leo hii beba ndoo mwenyewe uipeleke jikoni, umwambie ukweli kuhusu zile namba, akutukane, umalize. Jumatatu mkalishe pembeni yako asikie unavyojibu watu. Ukiipata kazi, tutashukuru. Ukiikosa, Jumanne uko naye jikoni, moshi machoni, na hutamwambia umechoka.