Jina alilolelewa nalo babu yake Parlin

Tiur uko? Nimejifungia stoo, nalia kama mtoto.

Leo Parlin kaja kujitambulisha nyumbani. Babu akamwanzishia yale maswali yetu ya ukoo. "Pardede wa wapi wewe?" Parlin, mtoto wa Jakarta, akajibu kwa maringo: "Mjukuu wa Marolop wa Muara, babu."

Babu akarudisha samaki kwenye sahani.

"Marolop? Akina Pardede walimlea tu yule. Kazaliwa ukoo wa Sianturi."

Sianturi, Tiur! SIANTURI KAMA MIMI!

"Wa jina moja ni ndugu," Babu akasema. "Hapa hakuna ndoa."

Miaka minne, mwenzangu. Minne!

Nikamkimbilia Parlin mlangoni, nikidhani atabisha japo kidogo. Akainamia viatu vyake, akavivaa taratibu.

"Kwaheri, dada."

Dada, Tiur. Kaniita dada.