Kwa Nini Binti Yangu Namwita Mama

Alhamisi. Upepo umevuma tangu asubuhi, baridi ya Sumbawanga inapenya mpaka kitenge cha pili. 

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya wodi ya wazazi. Binti yangu Magdalena ameingizwa chumba cha upasuaji. Mtoto amekaa vibaya tumboni, ndivyo alivyosema nesi.

Mimi simwiti Magdalena. Namwita mama. Tangu mchanga: mama njoo unyonye, mama usilie. Wengi huku tunaita hivyo na wala hatujiulizi. Ni kwa sababu ya jina. Mtoto umempa jina la mama yako, sasa utalitajaje ovyo? Utamgombezaje, "Magdalena, mchafu wewe," na marehemu ndiye mwenye jina? Basi unasema mama. Heshima ya aliyekwenda na utamu wa aliyekuja vinakaa humo humo. Hata ukiwa na hasira, ukishatamka mama sauti inashuka yenyewe. Fimbo imenidondoka mkononi mara nyingi kwa neno hilo.

Sasa niseme linaloniuma.

Mama yangu alifia uzazini, kule kijijini Mwazye. Nilikuwa mdogo, nimesimama mlangoni na beseni la maji ya moto.

Leo uchungu ulipomzidi Magdalena, nikaliogopa lile neno. Nikaona nikimwita mama, nitamwitia na yaliyompata mama. Nikabadilisha. "Magdalena, jikaze."

Akanigeukia, macho yamemtoka.

"Mbona unaniita hivyo? Daktari amekwambia nini?"

"Hajasema kitu, Magdalena."

"Unaona! Nakufa, eti? Niambie tu!"

Akaanza kulia, pumzi zikamkata. Nesi akanifokea, "Bibi, hebu toka, unamtia mgonjwa hofu."

Nilitaka kumkinga, nikamtisha.

Huku nje alikuwepo mama wa mume wake, mtu wa Mbeya, ana duka la vitenge sokoni. Nikamweleza. Akanikazia macho.

"Wee mamkwe! Miaka yote mama, mama, mpaka mwanangu akawa ananiuliza pale kwenu nani kamzaa mwenzake. Leo yuko kwenye uchungu ndiyo unampa jina la shuleni? Nenda kamwite vizuri, bwana!"

Nikacheka huku machozi yananitoka. Nikakimbia.

Walikuwa wanamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Nikapaza sauti, koridoni watu wote wakageuka. "Mama! Mama, niko hapa, siondoki!"

Alitoa mkono kwenye shuka, akaupunga kidogo. Mlango ukafungwa.

Nesi ametoka sasa hivi. Mtoto wa kike, analia vizuri. Mamkwe amepiga kigelegele, akakikatiza katikati alipoona uso wa nesi. Magdalena ametokwa na damu nyingi. Wanamwongezea. Bado hajaamka.

Sijui nishukuru au niombe.

Siku ile Mwazye, mama alipozidiwa, watu wazima walitunyamazisha. Hakuna mtoto aliyemwita. Sijui kama angesikia, lakini hatukumwita.

Mimi sinyamazi. Wakinifungulia huo mlango nitainama sikioni kwake, hata kabla hajafumbua macho, nimwite mama. Nimwite mpaka aitike.