Mtani Wangu Alinishauri, Mimi Nikacheka

Ijumaa, Isevya. Jua linachoma, na mawingu yamejikusanya upande wa Kitete tangu asubuhi bila kunyesha. Na mimi nimejaa hivyo hivyo.

Nina wivu. Naliandika neno lenyewe kwa sababu nimechoka kulizunguka. Juzi nilisema kichwa kinaniuma, jana nikasema ni joto. Si kichwa wala si joto, ni Asia.

Asia ni mpangaji katika nyumba ya kaka yangu, mjane kutoka Ujiji. Tunashona pamoja kwenye baraza ya duka la kaka, cherehani yangu huku, yake kule, katikati yetu kapu la vipande. Ni mtu mwema, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Angekuwa na roho mbaya ningempiga kijembe, yakaisha.

Keshokutwa anaondoka. Amepata nafasi katika kijiji cha ujamaa kilichoanzishwa mwaka huu njia ya Sikonge. Atapewa chumba na cherehani ya kijiji, awafundishe akina mama kushona. Watamwita mwalimu. Asia huyu huyu ambaye mpaka leo akishona kola inageuka kama sikio la mbuzi, ananiletea mimi nifumue nimshonee upya.

Nilipoambiwa, nikampa hongera. Nikacheka, nikapiga na vigelegele. Kisha nikaenda uani nikakaa nyuma ya pipa la maji mpaka macho yakakauka.

Mimi ndiye niliyekwama, si yeye. Tangu talaka yangu nimo katika nyumba ya kaka, nashona nguo za wateja wa kaka, juu ya baraza ya kaka, na mgeni akiuliza huyu ni nani, kaka anajibu, "Dada yangu, ananisaidia." Ananisaidia! Mashati nusu ya Isevya yamepita mikononi mwangu, na jina langu ni huyo anayesaidia.

Kwa ajili hiyo nilianza kwenda kwa Bi Tatu.

Bi Tatu ni bibi maendeleo wetu, yule wa serikali anayezungukia vikundi vya akina mama. Wengine wa kazi yake hufundisha uji wa mtoto na kuchimba choo, basi. Huyu ana mtindo wake. Kikundi kikishamaliza kushona, anamwita mmoja mmoja pembeni anamuuliza: unataka nini katika maisha yako, na nini kinakuzuia? Sijawahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote, hata na aliyenioa. Wanawake wakawa wanatoka pale wamenyooka mgongo. Mmoja ameanza biashara ya asali, mwingine kamrudisha mwanawe shule.

Mimi nikawa natoka nacheka tu.

Bi Tatu ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, watani wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani wakapitia kwao. Mtani anakutukana mbele za watu na wewe unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosea. Kwa hiyo mimi nikikaa mbele yake, hakuna cha unataka nini. Ni "Haya, mpagazi, leo umembebea nani?" Ni "Mla michembe ya viazi, kaka yako amekulipa au amekupa ahsante?" Nami namrudishia palepale, namwambia Wazaramo hawajui kazi ila ngoma, tunacheka mpaka machozi, kisha zamu inaisha, anaitwa Asia.

Na Asia, loo! Kwa Asia sauti inashuka. Anavutiwa kiti. Anaambiwa dada yangu, hebu tulitazame jambo hili polepole. Mara moja niliwaona, Bi Tatu amemshika mkono, na Asia anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Uzi ukakataa kuingia, nikautupa.

Niliona nimepunjwa. Mwenzangu anapata mshauri wa maisha, mimi napata mchekeshaji.

Leo nimekwenda kumwambia.

Nilimkuta ofisini kwake Kitete peke yake, anapanga mafungu ya kitambaa cha khaki. Nikamwamkia shikamoo, kitu ambacho sijamfanyia tangu tujuane, maana tumelingana umri na salamu zetu ni matusi. Akaiacha khaki mezani.

"Marahaba," akasema, ananitazama usoni. "Kuna msiba?"

Nikamwambia hakuna msiba, nimekuja bila utani. Nikayatoa yote. Nikamwambia Asia unamshauri, mimi unanitania. Asia umempa kijiji, mimi umenipa jina la mpagazi. Nimekukosea nini? Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyopanga, mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia.

Bi Tatu aliinuka. Alivuta kiti, akanionyesha nikae.

"Kijiji cha njia ya Sikonge nilikupa wewe kwanza," akasema.

Nikadhani ananitania tena. Akaendelea. "Siku ile kwenye kikundi, si nilikwambia? Mpagazi, kuna kijiji njia ya Sikonge wanataka mtu wa kuwapelekea ufundi wa cherehani, nikutwishe mzigo huo au umezeeka hata sindano huibebi? Ukanijibu nini?"

Nakumbuka nilivyomjibu. Nilisema wapelekwe Wazaramo wenziwe, wakawapigie mbung'o wa huko ngoma mpaka wafe kwa kuchoka. Akina mama walivunjika mbavu. Mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nimefurahi, najisifu kwamba nimemshinda.

Nilikuwa nimekataa kazi.

 Yakanirudia yote aliyowahi kuniambia, na sasa hakuna hata moja lililochekesha. Umembebea nani leo. Kaka yako amekulipa au amekupa ahsante. Mwanamke huyu alikuwa ananiambia jambo moja tangu siku ya kwanza, lile lile ambalo Asia anaambiwa kwa kushikwa mkono, na mimi kila mara nililipokea kama mtani anavyotakiwa kulipokea, nikalitupa.

"Asia nikimwambia ukweli wazi ataninunia mwezi mzima," Bi Tatu akasema. "Wewe nilikwambia bila kuzunguka. Nilijiona nina bahati, nina mtu mmoja ambaye siogopi kumwambia."

"Sasa nitajuaje lipi utani na lipi kweli?"

"Na mimi nitajuaje? Nilikuuliza mbele ya watu, ukanijibu mbele ya watu."

Hapo nikapandwa na hasira kweli, na sijutii. Nikamwambia yeye naye alijificha humo humo. Kama kazi ilikuwa kazi, angeniambia pembeni kwenye zamu yangu, aniite kwa jina langu, Zainabu, japo mara moja. Anawauliza wenzangu wanataka nini, mimi hajaniuliza hata siku moja. Amejuaje sitaki kulia na mimi? Amejuaje sitaki kushikwa mkono?

Alitazama chini. Nadhani lilimwingia, maana aliichukua khaki akaikunja upya. Kisha akasema jina la Asia limeshapelekwa, halirudi. Viko vijiji vingine vinaomba, lakini lazima afikirie.

Afikirie. Asia hakufikiriwa, alipewa.

Nikatoka. Na nje, ukutani, imesimamishwa baiskeli yake, ile anayoendea vijijini, ameifunga mfuko nyuma. Sikuwa na mpango wowote, naapa. Nilishika usukani, nikaanza kuisukuma.

Aliniona dirishani. "Wee! Mnyamwezi anaiba! Jamani, mpagazi amechukua mzigo wangu!" Na watu wote njiani wakacheka, kwa sababu kila mtu hapa anajua kwamba mtani akikuchukulia kitu huiti polisi, unakwenda kukikomboa. Balozi wetu wa nyumba kumi alinikuta njiani natoka jasho, akauliza, nikamwambia nimeitoa kwa mtani. Akanipisha, huku anacheka naye.

Mimi sikucheka. Nilitembea nayo kutoka Kitete mpaka hapa, sijui hata kuipanda, pedali inanigonga muundi kila hatua.

Sasa imesimama chumbani kwangu, imeziba nusu ya mlango. Asia amechungulia akauliza, "Shoga, ya nani hiyo?" Nikamwambia ya mtu ninayemdai majibu. Akanikumbatia bila kuelewa. Anafunga mizigo yake na anaimba, na anaimba vizuri, na bado namwonea wivu. Nimeomba lori lao liharibike, kisha nikaomba Mungu asinisikie. Simtakii mabaya. Nataka tu chumba chake, cherehani yake, na vile watu watakavyomwita.

Kwa watani wengine kitu hukombolewa kwa soda au kuku. Mimi nataka kijiji. Nitalisema mara moja, kwa sauti ya kawaida: nataka kufundisha kushona, nataka kuondoka nyumbani kwa kaka, na kinachonizuia ni kwamba kila ninapoulizwa nacheka. Ni maneno machache. Nimeyajaribu hapa kitandani na kila nikifika katikati kicheko kinanipanda chenyewe kama kikohozi.

Nasikia hodi uani. Ni sauti ya Bi Tatu, anamuuliza kaka kama nyumba hii inafuga wezi, na kaka anacheka, na Asia anacheka.

Naacha kuandika, nasimama. Ee Mungu, nisaidie nisicheke.