Kwa Fundi Wetu, Tuliyempumzisha kwa Nguvu

Mwaka mzima umepita tangu utuache, mke, dada na shangazi yetu mpendwa. Cherehani yako bado ipo dirishani, imefunikwa shuka.

Wateja walikuita Fundi, nasi nyumbani tukafuata. Ulishona sare za shule, mapazia na magauni ya harusi, na pini mdomoni hazikukuzuia kusema ukweli. "Nguo haijapungua, mama," ulimwambia mteja aliyekuja kulalamika. "Wewe ndiye uliyenenepa." Alikasirika, na wiki iliyofuata akaleta kitambaa kingine.

Kisha vidole vikaanza kuwa vyeupe kila ulipogusa maji baridi. Ngozi ya mikono ikakaza mpaka kiganja kikakataa kufumba. Daktari alieleza kwamba ni ugonjwa wa tishu zinazoushikilia mwili pamoja. Kinga ya mwili imeugeukia mwili wenyewe. Hauponi, alisema, ila mtu huishi nao. Ulicheka. "Kikulacho ki nguoni mwako," ulisema, "na nguo zenyewe nimeshona mimi."

Mwaka wa tano wa ugonjwa ukalazwa wiki mbili, na uliporudi familia iliketi kikao. Mwenyekiti alikuwa kaka yako. Tulipitisha kwa kauli moja kwamba upumzike. Wewe, mhusika mkuu, hukualikwa. Kaka yako akavua mkanda wa cherehani, wifi yako akauficha kwenye debe la unga, na wewe ukaambiwa mashine imeharibika.

Tulimdanganya fundi aliyeshona miaka ishirini na sita kuhusu cherehani yake mwenyewe. Ulitupa jicho mara moja, ukaenda kukaa.

Tangu siku hiyo tulikufungia vifungo, tukakukatia nyama, tukakushikia kikombe. Ulinawiri kidogo, ukanyamaza sana. Sisi tukasema, afadhali, anapumzika.

Miezi minne baadaye, kliniki, muuguzi alikuwa na fomu ya kuuliza maisha yako yanakwendaje. Je, anaweza kufunga vifungo? "Hawezi," alijibu kaka yako. Kupanda ngazi? "Hawezi."

"Kaka, mgonjwa ni nani kati yenu?"

"Ni yeye."

"Basi mwache ajibu. Dada, kuna kitu unachokipenda ambacho siku hizi hukifanyi?"

"Kushona," ulisema.

"Mikono imekataa?"

"Mikono ingekubali polepole. Hawa ndio waliokataa. Wamenifichia mkanda wa cherehani, wanadhani sijui. Vifungo navyo naweza, dakika ishirini. Sina haraka ya kwenda popote."

Kaka yako alitazama viatu vyake. Kufika tu nyumbani, wifi yako alikuletea mkanda ukiwa mweupe kwa unga.

"Wifi," ulisema, "huu haupikwi."

Mumeo akawa anatunga uzi kwenye sindano kumi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Ulivaa glavu zilizokatwa ncha, beseni la maji ya vuguvugu likiwa karibu. Mikasi tuliizungushia kitambaa iwe minene, ishikike. Ulishona saa moja, ukalala mbili. Wateja hawakuona tofauti, maana ni fundi gani aliwahi kumaliza nguo siku aliyoahidi?

Kuna siku ulilia kwa maumivu, hatutaficha. Kuna siku uzi ulikushinda, ukatupa kitambaa ukutani. Lakini tulikusikia tena ukigombana na wateja, na nyumba ikawa na mtu ndani. Tulijifunza kuuliza, "Fundi, nikusaidie?" na kungoja jibu. Mara nyingi lilikuwa hapana.

Ulishona hivyo miezi kumi na mmoja, hadi mapafu nayo yalipokaza. Gauni la mwisho lilichukuliwa na mwenyewe siku tatu kabla hujaondoka. Alisema linabana. Ulimjibu.

Uliishi na ugonjwa huo miaka sita na ushee. Miezi minne kati ya hiyo tulikunyang'anya sisi, kwa upendo, na hatuna namna ya kukurudishia. Hukuwahi kuitaja tena. Sisi tunaitaja hapa, asome aliye na mgonjwa nyumbani.

Unakumbukwa na mumeo, kaka yako, ambaye hajaongoza kikao tena, wifi yako, dada zako wawili, na watoto wa kaka yako, wanaovaa ulichoshona hata kikiwabana.

Hutatoka mioyoni mwetu siku zote tutakazoishi.